Kuchanganya sahani na glasi za kila siku mpaka zipatane mezani

Toa vyombo vyote nje ya kabati kwanza. Vyote kabisa, sahani, mabakuli, glasi, vikombe, hata vile viwili vitatu vilivyojificha nyuma huko ambavyo hujavigusa tangu viingie, vipange mezani au tandika shuka chini uviweke hapo, na usinunue chochote kabla ya hapo. Manake wengi wakisikia kuchanganya vyombo wanakimbilia dukani wanarudi na sahani moja moja za kuvutia, wakifika nyumbani hazikai pamoja na kitu chochote, mwezi haujaisha nazo zimeshahamia kule kule nyuma ya kabati.

Ukishavitoa jiulize swali moja tu, kipi kinatumika kila siku? Na jibu halipo kabatini, lipo kwenye kichanja cha kukaushia vyombo na kwenye sinki. Chombo kinachopendwa hakipati muda wa kukaa kabatini. Kwetu kulikuwa na bakuli moja la kijivu, zito kidogo, mdomo wake umeinamia ndani kiasi, kila mtu alikuwa analitaka hilo na watoto walikuwa wanawahiana asubuhi. Siku moja nikakaa nikalipima kwa rula: upana sm 16, kina sm 6, maji linachukua nusu lita na ushee. Basi nikajua bakuli la nyumba yetu ni hilo, nikawa natafuta vipimo hivyo na sio sura, nikapata mengine ya rangi tofauti kabisa lakini yenye ukubwa ule ule na uinamo ule ule, na ugomvi wa asubuhi ukaisha.

Na hapo ndo msimamo wangu ulipo kwenye jambo hili zima: umbo na vipimo vikubaliane, rangi iachie ipumue. Watu wengi wanafanya kinyume chake, wanahangaika kulinganisha rangi huku sahani moja ina sm 24 nyingine 28, moja ina kina nyingine bapa, alafu wanashangaa kwanini meza inaonekana kama vyombo vya kuazima.

Tatizo la seti za boksi

Seti nyingi za boksi zinakuja na vipande 16, yani sahani kubwa 4, ndogo 4, mabakuli 4 na magi 4. Hesabu hiyo imepangwa kana kwamba kila kipande kinafanya kazi sawa na mwenzake na vinavunjika kwa kasi moja. Nyumbani haiko hivyo. Seti yetu baada ya miaka michache ilikuwa imebaki sahani kubwa zote 4 hazina hata alama, sahani ndogo 3, bakuli 1, na magi hamna hata moja. Vikombe na mabakuli ndo vinashikwa asubuhi na mikono yenye usingizi, ndo vinabebwa mpaka kwenye kochi, ndo vinawekwa ukingoni kabisa mwa meza. Nikarudi kutafuta mabakuli ya seti ile, hayatengenezwi tena. Kwaiyo vyombo vyako vya msingi vinunue kwenye aina inayouzwa kipande kimoja kimoja na ambayo ipo sokoni miaka mingi, hata kama kipande kinakuwa ghali kidogo kuliko kile cha kwenye boksi, manake kikivunjika kimoja unarudisha kimoja.

Wazo hili wala sio jipya. Mwaka 1936 kiwanda cha Homer Laughlin huko West Virginia, Marekani, kilitoa vyombo vya Fiesta kwa rangi 5 zilizokolea, mnunuzi anachagua mwenyewe nyekundu ngapi, njano ngapi, bluu ngapi. Finland nako, mwaka 1953, mbunifu Kaj Franck akatoa vyombo vya Kilta kupitia kiwanda cha Arabia, maumbo ya kawaida kabisa yasiyo na pambo, vinauzwa kipande kimoja kimoja ili mtu ajipangie mwenyewe, na mwaka 1981 vikarudi sokoni vikiwa vimeboreshwa kwa jina la Teema ambavyo mpaka leo vinauzwa. Ukiviangalia vyote viwili kwa makini utaona siri ni moja, umbo halibadiliki, mistari ya ukingoni haibadiliki, kinachocheza ni rangi peke yake. Ndo maana unaweza kuweka sahani ya njano juu ya ya bluu na zikaonekana ni ndugu.

Hesabu ya vipande

Hapa sitakaa sana. Chukua idadi ya watu, zidisha na mara ambazo chombo hicho kinatumika kabla ya kuoshwa, ongeza viwili au vitatu vya akiba. Mfano mpo watu 5, vyombo mnaosha mara moja jioni, sahani ndogo inatumika mara 2 kwa siku, basi unahitaji 10 na akiba 2, jumla 12. Sahani kubwa inatumika mara moja tu, 5 na akiba 3 zinatosha. Glasi ndo zinadanganya watu, kwa sababu mtu mmoja anaweza kutumia glasi 4 kwa siku kila akisikia kiu anachukua mpya, na dawa yake nitaisema mbele. Wageni wahesabie wale mnaowapokea kwa kawaida, sio ule mkusanyiko mkubwa wa mara moja kwa mwaka, siku hiyo azima tu.

Sahani ya msingi

Chagua sahani moja kubwa iwe mhimili. Iwe ya rangi moja, isiyo na maua, na iwe ndo nyingi kuliko zote mezani, nyingine zote zitaifuata. Ukubwa wa sm 26 au 27 unatosha watu wengi. Kabla ya kulipia pima kina cha kabati lako kwa ndani, na kama una mashine ya kuosha vyombo pima nafasi kati ya kichanja cha chini na ile mikono inayozungusha maji, sahani ya sm 29 au 30 inapendeza dukani lakini nyumbani mlango wa kabati haufungi au ule mkono wa maji unagonga ukingo kila ukizunguka.

Alafu angalia mdomo wa sahani. Kuna zenye mdomo mpana bapa pembeni, na kuna zisizo na mdomo ambazo zinapanda taratibu kutoka katikati. Usizichanganye hizi mbili kwenye sahani kubwa za meza moja. Sahani ya sm 27 yenye mdomo wa sm 4 inakubakishia sm 19 tu pale katikati panapokaa chakula, wakati mwenzake asiye na mdomo anatumia karibu sahani nzima. Mkikaa pamoja mmoja anaonekana amepakuliwa kidogo mwingine amejaziwa, na watoto hilo wanaliona kabla hata hawajakaa. Mimi napendelea isiyo na mdomo yenye ukuta ulioinuka sm 2 au 3, inabeba kikavu na chenye mchuzi, na inampunguzia mtoto anayejifunza kutumia kijiko kazi ya kufukuza chakula kwani kinagota pale ukutani.

Sasa nyeupe. Watu wanasema chukua nyeupe tu, nyeupe inaendana na kila kitu. Sio kweli, nyeupe zipo nyingi. Chukua sahani mbili nyeupe ambazo unaamini zinafanana, zipeleke dirishani mchana, weka moja juu ya nyingine nusu kwa nusu. Moja utaona ina ubaridi, ubluu fulani wa mbali kama maziwa yaliyotolewa krimu. Nyingine ina ujoto, inaelekea siagi. Usiku chini ya taa ya njano zote zilikuwa sawa ila mchana ile ya siagi inaonekana kama haijaoshwa vizuri ikikaa pembeni ya ile baridi, na kosa sio lake. Nimeosha sahani tatu za namna hiyo kwa siki, kwa bekingi soda, kwa maji ya moto, nikidhani zimeshika madoa, kumbe ndo rangi yake.

Somo nililolipata hapo linatumika kwenye kila kitu kingine humu: tofauti ndogo inaonekana kosa, tofauti kubwa inaonekana umeamua. Nyeupe na nyeupe-karibu zikikaa pamoja zinaonekana umekosea. Nyeupe na bluu nzito, umekusudia. Sahani za sm 26 na 27 kwenye rundo moja linaonekana limepinda, za 21 na 27 zinapandana vizuri. Kwaiyo ukikosa kinachofanana kabisa, nenda mbali, usiishie njiani.

Rangi bila kuogopa

Ukishakuwa na sahani ya msingi, chagua rangi mbili za kuzunguka nazo na ukae nazo miaka. Sio sita. Njia nyepesi kuliko zote ni kuamua kwanza upande, upande wa joto yani krimu, udongo, haradali, kahawia, kijani cha majani makavu, au upande wa baridi yani nyeupe kali, kijivu, bluu, kijani cha bahari. Ukishaamua upande humo ndani changanya unavyotaka. Rangi moja ya upande wa pili unaweza kuiingiza lakini irudie, isikae peke yake, bakuli moja tu la haradali katikati ya bluu tupu linaonekana limepotea njia ila yakiwa matatu, au bakuli moja na magi mbili za haradali, tayari ni mpango.

Na maua na michoro? Weka kwenye vitu vidogo. Sahani ndogo ya sm 20 yenye maua juu ya sahani kubwa isiyo na kitu inapendeza sana, kinyume chake inachosha macho manake chakula kinagombana na maua. Ukiwa na sahani ndogo za michoro tofauti tofauti, mfano umerithi mbili kutoka kwa bibi, tatu kwa mama mkubwa, nyingine umenunua, tafuta rangi moja inayotokea kwenye zote, hata kama ni kijani kidogo tu cha majani kwenye ukingo, hiyo ndo uzi wake. Isiyokuwa na uzi huo iweke pembeni kwa moyo mweupe, inaweza kuwa ya kutoa matunda au ya kuwekea funguo mlangoni.

Jambo moja ambalo linasahaulika, kama nyumbani yupo mzee ambaye macho yameanza kupungua, mpe sahani ambayo rangi yake inatofautiana na chakula na pia na kitambaa cha meza. Chakula cheupe kwenye sahani nyeupe juu ya kitambaa cheupe mzee anaacha nusu, mnadhani hana hamu kumbe haoni mwisho wa chakula ulipo. Sahani ya bluu au nyekundu inasaidia kwelikweli, na kwa kuwa meza yenu tayari ni ya kuchanganya hatajisikia amebaguliwa.

Kitako cha sahani

Geuza sahani juu chini. Ule mviringo uliobaki mkavu bila mng'ao, yani ile ngozi laini kama kioo inayofunika sahani, ndo kitako, na ndo unaochuna sahani ya chini yake kila mnapozipanga. Pitisha kidole, ukihisi mchanga mchanga basi jua baada ya mwaka sahani zako zitakuwa na mikwaruzo ya duara katikati. Dawa ipo, chukua msasa laini, ulowanishe, sugua kitako taratibu mpaka kidole kipite bila kukwama, osha. Fanya hivyo kwa kila sahani ya udongo mzito inayoingia nyumbani, hasa ukiipanga juu ya sahani laini ya kauri. Na kwenye rundo, nzito zikae chini, nyepesi juu, zenye mstari wa dhahabu zisibebane na za udongo kabisa.

Ile mistari ya kijivu inayofanana na mikwaruzo ya kisu mara nyingi sio mikwaruzo, ni chuma cha kisu kimejipaka juu ya sahani kwa kuwa mng'ao wa sahani ni mgumu kuliko chuma chenyewe. Bekingi soda na maji kidogo iwe kama uji mzito, sugua kwa kitambaa kibichi, inatoka.

Udongo, kauri, kioo, melamini

Kuchanganya sura ni rahisi, kuchanganya aina za malighafi ndo panataka akili. Vyombo vya udongo wa kawaida vinachomwa kwenye joto la kama nyuzi 1,000 mpaka 1,150 za Selsiasi na ndani vinabaki na vitundu vidogo vinavyonywa maji, kwaiyo pakimeguka maji yanaingia hapo, harufu inaingia, na kwenye maikrowevu chombo chenyewe kinapata moto kuliko chakula. Udongo mgumu unachomwa 1,200 mpaka 1,300 hivi, haunywi maji, ni mzito na mvumilivu. Kauri inaweza kufika 1,400, ni nyembamba na ngumu, watu wanaiogopa kwa sababu inaonekana laini lakini kauri nzuri inastahimili vishindo kuliko udongo mnene wa bei rahisi. Mimi kwa familia naweka kauri au udongo mgumu kwenye sahani kubwa, udongo mgumu kwenye mabakuli.

Melamini, yani ile plastiki ngumu, ni nzuri kwa watoto wadogo na kwa kulia nje, haivunjiki kirahisi, lakini isiingie maikrowevu hata dakika moja, na chochote cha moto kinachozidi nyuzi 70 kisikae humo, supu iliyotoka jikoni sasa hivi iache ipoe kwanza. Sasa kwenye meza ya kuchanganya hatari yake ni kwamba melamini za siku hizi zinafanana na udongo kabisa, mtu akipasha chakula cha jana anaichukua bila kujua. Sisi tuliamua melamini zote ziwe za rangi moja ya chungwa na hakuna chombo kingine cha rangi hiyo ndani ya nyumba, kwaiyo hata mtoto wa darasa la pili anajua ya chungwa haiingii kwenye maikrowevu. Vyenye mstari wa dhahabu au fedha navyo hivyo hivyo, vinatoa cheche humo.

Glasi

Hapa ndo raha yenyewe ilipo, manake glasi ni kioo kitupu, zinasamehe rangi, ila hazisamehi urefu. Ukipanga glasi 6 za maumbo 6 tofauti na zote ziwe na urefu unaokaribiana, tofauti ya sm 1 au chini ya hapo, meza inatulia. Ukipanga glasi za aina mbili tu moja fupi moja ndefu bila mpangilio, inaonekana vurugu. Kwaiyo ukienda kutafuta glasi moja moja beba rula au jipimie kwa kiganja, urefu kwanza, alafu upana wa mdomo, mchongo baadae.

Kwa nyumba ya watu wanaoishi, aina mbili zinatosha. Ya kwanza ni glasi fupi pana ya kama mililita 250, kioo kilichokazwa kwa joto, hii ndo ya kila saa. Kioo hicho kinapashwa zaidi ya nyuzi 600 alafu kinapozwa ghafla, uso wa nje unakuwa umejibana, kinakuwa na nguvu kama mara 4 ya kioo cha kawaida na kikivunjika kinamwagika vipande vidogo vidogo badala ya mapanga marefu. Glasi za Picardie za kiwanda cha Duralex cha Ufaransa, zile zenye pande pande pembeni, ni za mwaka 1954 na bado zipo kwenye meza za shule na majumbani, na sababu ni hiyo. Ila kioo cha namna hii kikipata mkwaruzo wa kina kinaweza kupasuka baadae kikiwa kimekaa tu, bila mtu kukigusa, kwaiyo glasi iliyokwaruzwa sana usiihurumie. Aina ya pili ni glasi ndefu nyembamba ya mililita 300 mpaka 350, ya juisi, ya wageni, ya jioni mkiwa mmetulia, na hapa ndo unaweza kuweka rangi na michongo unayoipenda.

Mdomo wa glasi uguse kwa kidole na kwa mdomo wako wa chini kama wakikuruhusu. Kuna ulioviringwa mnene kama kamba, huo ni mvumilivu lakini maji yanateremka kwa fujo, mtoto anajimwagia. Kuna uliokatwa mwembamba, maji yanaingia kwa utulivu ila unameguka haraka. Kwa watoto nachagua wa katikati, na glasi isizidi mililita 200, ikidondoka maji yanayomwagika ni machache, na mkono mdogo unaizunguka. Mpe mtoto glasi ya kweli mapema, ndogo na nzito chini, kwenye meza, akiwa amekaa. Niliona mwenyewe, kikombe cha plastiki alikuwa anakirusha, glasi akaishika kwa mikono miwili tangu siku ya kwanza.

Kupanga glasi moja ndani ya nyingine fanya tu kwa zile zilizotengenezwa hivyo, utazijua zina kingo kidogo ndani zinakoishia, mwenzake anakaa juu ya ukingo huo na hawabanani ubavu. Usipandanishe aina mbili tofauti. Hili ndo kosa linalovunja glasi nyingi kwenye nyumba zenye vyombo mchanganyiko, ya aina moja inaingia ndani ya nyingine vizuri kabisa, zikiwa na maji maji kidogo zinashikana. Zikishashikana usizungushe kwa nguvu. Simamisha ile ya nje kwenye maji ya uvuguvugu, sio ya moto, alafu mimina maji baridi ndani ya ile ya juu, subiri dakika moja mbili. Ya nje inatanuka kidogo, ya ndani inasinyaa, utasikia kama mguno mdogo hivi, uzitenganishe kwa kunyoosha juu taratibu huku umezungushia taulo. Zikigoma tone la mafuta ya kupikia kwenye ule mwanya, subiri, rudia.

Chai ya moto kwenye glasi nene ya kawaida ndo inayopasuka, watu wanadhani unene ni usalama. Upande wa ndani unatanuka kwa joto, wa nje bado baridi, kioo kinavutana chenyewe na kinaachia pale kitakoni palipo pazito. Kama nyumbani mnapenda vinywaji vya moto kwenye glasi tafuta kioo cha borosiliketi, kinatanuka kama theluthi tu ya kioo cha kawaida. Kitengee rafu yake, kwa kuwa kwa macho zinafanana.

Glasi zikifanya ukungu weupe, chukua moja iloweke kwenye siki robo saa. Ukungu ukitoka ilikuwa chumvi ya maji, fanya zote. Usipotoka kioo chenyewe kimelika, mara nyingi ni mashine ya kuosha na sabuni kali, hakirudi tena, na hapo hamisha glasi hizo ziwe za kuwekea mswaki, penseli, maua.

Na ile dawa ya mtu kutumia glasi 4 kwa siku ni hii, glasi za kila saa ziwe na alama ya mwenyewe. Kwa meza ya kuchanganya ni rahisi mno, kila mtu anachagua moja ambayo haifanani na nyingine, ya mchongo wa nyota ya baba, ya kijani ya dada, ile yenye pande nane ya mama, urefu sawa ila sura tofauti. Inatumika kutwa, inaoshwa jioni. Magi nazo vivyo hivyo, hapa kwa kweli sina sheria yoyote ya rangi, magi ni ya mtu binafsi, mwache achague hata kama haifanani na kitu chochote ndani ya nyumba, ila isizidi upana wa ndoano au rafu yako.

Vya mitumba na vya kurithi

Vyombo vizuri kuliko vyote nilivyonavyo vilishatumiwa na watu wengine kabla yangu. Unaposhika kimoja kibebe kwenye ncha za vidole, kigonge kidogo kwa kucha. Kikilia kama kengele ni kizima. Kikitoa sauti butu, kifupi, kuna ufa hata kama huuoni, kirudishe. Pitisha kidole mdomoni kote, taratibu, kipande kilichomeguka hata kama ni cha ukubwa wa punje kitakata mdomo na ufa utaanzia hapo hapo.

Vya zamani sana vyenye rangi kali usivilie chakula. Rangi na mng'ao wa zamani mara nyingi ulikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na udhibiti wake ulianza kukazwa miaka ya 1970, kabla ya hapo hujui kilichomo. Hata zile Fiesta nyekundu za mwanzo rangi yake ilitokana na urani, madini yenye mionzi. Vitundike ukutani, vinapendeza. Glasi za kristali nazo nyingi za zamani zina risasi, unaweza kunywea jioni moja na ukaziosha, ila usihifadhi kinywaji humo usiku kucha na usimpe mtoto wala mjamzito. Glasi zilizochorwa nje mpaka karibu na mdomo, rangi inabanduka kidogo kidogo pale midomo inapogusa, hizo ziache ziwe za mapambo.

Kuandaa meza

Meza ikiwa na rangi mbili za sahani usiziweke upande huu zote hizi upande ule zote zile, piga moja moja kwa kupishana, au weka rangi moja ya kwenye ncha za meza na nyingine katikati. Mkiwa idadi isiyogawanyika, ile ya pekee yake mpe mtu anayekaa kichwani mwa meza. Mabakuli ya kupakulia yawe makubwa, machache na ya rangi moja tu, kwa sababu yanakaa katikati na macho yote yanaanzia hapo. Kama sahani na mabakuli vina mambo mengi basi kitambaa kiwe kimya, na glasi siku hiyo ziwe za kioo kitupu.

Kabla hujatoka kwenda kununua, piga picha tatu kwa simu: rundo la sahani zako kwa ubavu, sahani ya msingi ikiwa dirishani mchana karibu na karatasi nyeupe, na glasi yako ya kila saa imesimama pembeni ya rula. Andika chini ya picha upana wa sahani, upana na kina cha bakuli, urefu wa glasi, kina cha kabati. Ukifika dukani na ukakutana na sahani nzuri ya bluu, usiulize moyo kwanza, fungua ile picha, pima, geuza uone kitako, igonge kwa kucha, alafu chukua mbili.